Folda imeingia ndani ya folda: matatizo ya cp na mv kwenye Linux na namna ya kuyatatua

Simu iliingia saa nne usiku. "Kaka, picha zimepotea." Aliyepiga ni kijana mwenye studio ya picha mtaani kwetu, anayetumia Ubuntu kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea, kwa hiyo lawama zote huja kwangu. Jana yake alikuwa amenakili folda ya harusi kwenda kwenye diski ya nje. Leo akaongeza picha za sherehe ya jioni kwenye kompyuta, akarudia amri ileile, na sasa akifungua folda iliyoko kwenye diski anaona picha za jana tu. Nafasi kwenye diski imepungua maradufu, picha mpya hazionekani, na bwana harusi anazitaka asubuhi.

Nikamwambia aandike hivi anisomee majibu:

```
ls /media/studio/HIFADHI/Harusi
```

"DSC, DSC, DSC nyingi... halafu huku chini kuna kitu kinaitwa Harusi."

"Ndani ya Harusi?"

"Ndani ya Harusi."

Basi zilikuwa humo. Hakuna kilichopotea na amri haikukosea. Ilifanya kile ambacho `cp` (amri ya kunakili) hufanya siku zote ikikuta huko inakopeleka pameshakaliwa. Nimeshatatua kesi nyingi za kunakili na kuhamisha folda (saraka, kwa Kiswahili cha vitabuni), na nyingi mno chanzo chake kiko upande wa kupokea. Mtu huangalia anachokibeba, haangalii anakokipeleka. Kwa hiyo kabla sijasoma hata ujumbe wa kosa, huuliza maswali mawili: huko unakopeleka, jina hilo lipo tayari? Na je, ni diski ileile au ni nyingine, na ya aina gani? Amri hizi mbili hujibu:

```
ls -ld ~/Kazi/Harusi /media/studio/HIFADHI/Harusi
df -hT ~/Kazi/Harusi /media/studio/HIFADHI
```

Ya kwanza inakuonyesha kama folda ipo, ni ya nani na ina ruhusa gani. Ya pili inataja diski kwa jina lake, mfumo wa mafaili uliomo (ext4, vfat, exfat, ntfs na ndugu zake) na nafasi iliyobaki. Majibu ya hizi mbili tutayarejea mara nyingi hapa chini.

Dalili: folda imejirudia ndani yake, au picha mpya hazionekani

Chukua amri hii:

```
cp -r Harusi /media/studio/HIFADHI/Harusi
```

Kama kwenye diski hakuna kitu kinachoitwa Harusi, `cp` itaiunda na kumwaga picha humo. Kama Harusi ipo tayari, `cp` inaelewa kwamba umeitaja kama chombo cha kupokelea, hivyo inaiweka folda yako ndani yake: Harusi/Harusi. Herufi za amri ni zilezile, matokeo mawili tofauti. `mv`, amri ya kuhamisha, nayo ina tabia hiyohiyo.

Kinga yake ni alama ya `-T`, inayoiambia amri kwamba jina la mwisho ndilo lengo lenyewe, si kapu la kutilia:

```
cp -aT Harusi /media/studio/HIFADHI/Harusi
```

Au taja yaliyomo badala ya folda, kwa mkwaju (`/`) na nukta mwishoni:

```
cp -a Harusi/. /media/studio/HIFADHI/Harusi/
```

Kwa aliyeshaingia shimoni, usianze kufuta. Toa ile ya ndani, ipe jina lake, kisha zilinganishe:

```
cd /media/studio/HIFADHI
mv Harusi/Harusi Harusi-mpya
diff -rq Harusi Harusi-mpya
```

Kila mstari wa `Only in Harusi-mpya` ni picha ambayo ya zamani haina. Ukiona mistari ya aina hiyo peke yake, ya zamani haina lolote ambalo mpya haina, na unaweza kuiondoa. Ukiona hata mstari mmoja wa `Only in Harusi:` au wa `differ`, simama, kalitazame faili hilo kwa macho yako. Kijana wa studio aliniuliza afute ile ya zamani palepale. Nikamwambia asubiri mpaka bwana harusi achukue zake na aseme ameridhika.

Hapa lazima niseme kuhusu `rsync`, amri nyingine ya kunakili, maana wengi hukimbilia huko baada ya kuchoshwa na `cp`. Kwa `cp` ya Linux, ukiandika `Harusi` au `Harusi/` upande wa kutoa, hakuna tofauti. Kwa `rsync` tofauti ni kubwa. `rsync -a Harusi HIFADHI/` inapeleka folda. `rsync -a Harusi/ HIFADHI/` inapeleka yaliyomo na kuyatawanya juu kabisa ya diski. Hilo peke yake ni uchafu tu, linafagilika. Lakini weka na `--delete`, ambayo hufuta upande wa kupokea kila kitu kisichokuwepo upande wa kutoa, na mkwaju huo mmoja utafuta kazi zote nyingine zilizokuwa kwenye diski hiyo. Sijawahi kuandika `--delete` bila kutanguliza `-n` na `-v`, ambazo humfanya `rsync` aseme atakachofanya bila kukifanya. Ukiona mistari mingi inayoanza na `deleting`, na majina huyatambui, shukuru Mungu ulikuwa unajaribu.

Dalili: `omitting directory`

```
cp: -r not specified; omitting directory 'Harusi'
```

Umesahau `-r`. Ni hilo tu. Ila badala ya `-r`, zoea `-a`. Ukinakili kwa `-r`, tarehe ya kila faili inakuwa ya leo, saa hii. Kwa mtu wa picha au wa hesabu za ofisi hilo ni tatizo linaloonekana wiki mbili baadaye, pale anapopanga mafaili kwa tarehe na kukuta mwaka mzima umetokea Jumanne moja mchana. `-a` hutunza tarehe, ruhusa, viungo (mafaili yanayoelekeza tu kwa faili au folda nyingine), na mwenye faili pale inapowezekana.

Kama umeshanakili kwa `-r` na ya asili bado unayo, huhitaji kunakili upya mzigo wote. Hii hupita juu ya mafaili yenye ukubwa uleule na kurekebisha tarehe tu:

```
rsync -a --size-only Harusi/ /media/studio/HIFADHI/Harusi/
```

Dalili: folda imefika lakini imepungua

Hii huwapata zaidi wenye tovuti. Umehamisha tovuti ya WordPress kutoka folda moja kwenda nyingine kwenye seva ya Apache, ukurasa wa mbele unafunguka vizuri, ila kila ukurasa mwingine unajibu 404. Unakagua hifadhidata, unakagua mipangilio, jasho linatoka. Kumbe amri uliyotumia ilikuwa hii:

```
cp -r tovuti/* /var/www/html/
```

Nyota haigusi majina yanayoanza na nukta. `.htaccess` ilibaki nyuma, na ndiyo iliyokuwa ikielekeza anwani za kurasa. Pamoja nayo hubaki `.env`, `.git` na wenzao. Tazama kwa `ls -A` pande zote mbili utaona upungufu. Dawa ni ileile ya mkwaju na nukta: `cp -a tovuti/. /var/www/html/`. Kwa `mv` ujanja huo haufanyi kazi; ukijaribu utajibiwa `Device or resource busy`. Huko inabidi uiambie bash (programu inayosoma amri unazoandika) ihesabu na zilizofichwa:

```
shopt -s dotglob
mv tovuti/* /var/www/html/
shopt -u dotglob
```

La kuelewa ni kwamba `cp` na `mv` haziioni nyota hiyo. Anayeifungua ni sheli, yaani hiyo bash (simaanishi kituo cha mafuta), kabla amri haijaanza kazi. Sheli inaandika orodha ya majina yote, kisha inaikabidhi amri. Ukilijua hilo, makosa mengine mawili yanajieleza.

La kwanza ni `Argument list too long`. Folda ina picha laki moja, nyota inageuka orodha ndefu kuliko kerneli (kiini cha Linux) inavyokubali. Kwenye mashine nyingi `getconf ARG_MAX` itakujibu 2097152, yaani baiti milioni mbili na kitu. Ama unakili folda yenyewe badala ya nyota, ama uikate orodha vipande kwa `find`:

```
find . -maxdepth 1 -name '*.JPG' -exec mv -t /media/studio/HIFADHI/Harusi {} +
```

La pili ni la kutisha zaidi: umeandika `mv *` ukabonyeza Enter kabla ya kutaja unakopeleka. Hakuna kosa lililotokea, na folda imebaki na kitu kimoja. Sheli ilipanga majina, la mwisho likawa la folda, na `mv` ikachukua hilo la mwisho kuwa ndilo lengo. Mafaili yako yote yamo humo, lakini yamechanganyika na yaliyokuwemo. Kama hakuna amri nyingine iliyopita hapo karibuni, `ls -ltc` ndani ya folda hiyo itakusaidia, kwa kuwa huweka juu yaliyoguswa mwisho, hata kama tarehe ya faili lenyewe ni ya zamani. Mwisho ukiwa si folda, `mv` hukataa na unanusurika. Lakini kama yalikuwepo mafaili mawili tu, la kwanza limelifuta la pili, na hilo halirudi.

Dalili: `Directory not empty`

```
mv: cannot move 'Harusi' to '/home/studio/Kazi/Harusi': Directory not empty
```

Waliozoea Windows huona hii kama ukaidi. Huko, folda mbili za jina moja ukizikutanisha unaulizwa kama uziunganishe. `mv` haiunganishi. Ikikuta folda ya jina hilo ina kitu ndani, inagoma, na mimi naiunga mkono, kwa sababu kuunganisha folda za kamera ni mtego. Kamera zenye kutoa majina ya DSC_0001 hadi DSC_9999 huanza tena mwanzo zikifika mwisho, na kadi mbili za wapigapicha wawili zinaweza kuwa na DSC_0412 mbili, moja ya maharusi, moja ya keki.

Kama kweli unataka kuunganisha, fanya hivi:

```
rsync -a --ignore-existing --remove-source-files Harusi/ ~/Kazi/Harusi/
find Harusi -type d -empty -delete
```

Faili ambalo jina lake halipo upande wa pili linahamia na kuondolewa huku. Lenye jina lililopo tayari linaachwa lilipo. Amri ya pili inafagia folda zilizobaki tupu, maana `rsync` haiziondoi. Mwishoni, chochote kilichobaki ndani ya Harusi ndicho chenye mgongano wa majina. Hivyo ndivyo vya kukagua kimoja kimoja, na kwa kawaida si vingi.

Jamaa wa karibu wa kosa hili ni `cannot move 'Kazi' to a subdirectory of itself`. Umejaribu kuiingiza folda ndani ya tumbo lake yenyewe. Mara nyingi ni nyota tena: uko ndani ya Kazi, umetengeneza folda ya Zamani humohumo, kisha ukaandika `mv * Zamani/`. Vingine vyote vimehama sawasawa, imegoma kwa Zamani peke yake. Puuza.

Dalili: `mv` inachukua saa nzima, au umeme umekatika katikati

Jana ulihamisha gigabaiti mia moja kwa kufumba na kufumbua. Leo gigabaiti tano zinakula dakika kumi. Rudi kwenye `df -hT` uliyoanza nayo. Ndani ya mfumo mmoja wa mafaili, `mv` haibebi data. Inabadilisha jina lililoandikwa kwenye folda na basi, kama kubadilisha kibao cha mlangoni bila kugusa samani. Kwenda diski nyingine hilo haliwezekani. Kerneli inakataa, na `mv` kimyakimya inageuka kuwa `cp` ikifuatiwa na kufuta.

Na umeme ukikatika? Tulia. `mv` ya Linux hainakili faili moja na kulifuta, moja na kulifuta. Inamaliza kunakili folda nzima uliyoitaja ndipo inaanza kufuta kule ilikotoka. Kwa hiyo kama ilikatikia kwenye kunakili, ya asili iko kamili na iliyoko kwenye diski ya nje ni pungufu. Ila kama ulitaja folda tatu kwa mpigo, kila moja inashughulikiwa kivyake: ya kwanza inaweza kuwa imeshahama kabisa, ya pili ndiyo iliyokatika.

Ukirudia `mv` baada ya hapo utakutana na huu:

```
mv: inter-device move failed: 'Harusi' to '/media/studio/HIFADHI/Harusi'; unable to remove target: Directory not empty
```

Watu wengine hapo hufuta ile pungufu na kuanza upya. Ni kupoteza muda. Endeleza ulipoishia:

```
rsync -aP Harusi/ /media/studio/HIFADHI/Harusi/
```

Kilichofika salama kinarukwa, kilichokatika kinarudiwa, na `-P` inakuonyesha maendeleo, jambo ambalo `cp` na `mv` za kawaida haziwezi. Ukikatikiwa tena, bonyeza mshale wa juu na Enter. Mimi kwenda diski nyingine situmii `mv` kabisa. Nanakili, nahakikisha, nafuta mwenyewe.

Kuhakikisha nako kuna namna yake. `diff -rq Harusi /media/studio/HIFADHI/Harusi` ikikaa kimya, pande mbili ni sawa. Lakini ukiipiga mara tu baada ya kunakili, Linux inaweza kukusomea yaliyo bado kwenye RAM badala ya kusoma diski yenyewe. Utaambiwa ni sawa wakati diski imeandika takataka. Toa diski kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo ulinganishe.

Dalili: flashi inakataa baadhi ya vitu

Flashi nyingi za madukani, hasa ndogo, huja na FAT32, ambayo `df -hT` huiita vfat. Mfumo huu una mipaka yake, na kila mpaka una ujumbe wake.

`File too large`: faili moja haliwezi kufika GiB 4. Video ya sherehe ya saa tatu inapita hapo kirahisi, na inakatika ikiwa imeshanakiliwa karibu gigabaiti nne, subira yote bure. Ama uumbize flashi upya kwa exFAT, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika, ama uikate video:

```
split -b 3G sherehe.mp4 /media/studio/FLASHI/sherehe.mp4.
```

Kule inakokwenda, `cat sherehe.mp4.a? > sherehe.mp4` inaiunga tena. Kama mteja anatumia Windows, mwachie kazi hii ya kuunga? Hapana, umbiza exFAT.

`cannot create symbolic link ... Operation not permitted`: FAT32 haijui viungo. Tumia `cp -rL` ili kiungo kibadilishwe na faili lenyewe, ukikumbuka kwamba kiungo kinachoelekea folda kubwa kitaleta folda nzima.

`failed to preserve ownership`: hutokea ukitumia `sudo cp -a` (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo). FAT32 haihifadhi mwenye faili wala ruhusa. Data imefika, ni taarifa tu. Lakini ukiwa unahifadhi akiba ya `/etc` au ya seva, siyo taarifa tu, maana siku ya kurudisha utakuta kila kitu hakina mwenyewe. Fungasha kwa `tar` kwanza, upeleke furushi.

`Invalid argument`: angalia jina. "Kikao 10:30.odt" ni halali kwenye ext4, lakini FAT haitaki nukta pacha, wala alama ya kuuliza, wala nyota. Badilisha jina. Na kuna moja isiyo na ujumbe wowote wa maana: FAT haitofautishi `Picha.jpg` na `picha.jpg`, hivyo mbili zinakuwa moja.

Kisha malalamiko makubwa kuliko yote: "Nilinakili, ikamaliza, nikachomoa, nyumbani faili halifunguki." Amri ilirudisha alama ya `$`, ndiyo, lakini data ilikuwa bado kwenye RAM ikisubiri kuandikwa. Kama flashi ina taa, utaiona inapepesa. Andika `sync` na usubiri ikuachie, kisha `umount /media/studio/FLASHI`. Ukijibiwa `target is busy`, tisa kati ya kumi ni terminali yako yenyewe imesimama ndani ya flashi. `cd` utoke. Ikiendelea, `fuser -vm /media/studio/FLASHI` itamtaja anayeishikilia.

Dalili: `No such file or directory` na folda unaiona

```
cp: cannot stat 'Picha': No such file or directory
cp: cannot stat 'za': No such file or directory
cp: cannot stat 'Sendofu': No such file or directory
```

Makosa matatu, folda moja: jina lina nafasi, hukulifunga kwa alama za nukuu. Andika herufi mbili tatu za mwanzo, bonyeza Tab, bash itamalizia vizuri kuliko wewe. `ls` za siku hizi huonyesha majina ya aina hii yakiwa ndani ya nukuu. Nukuu hizo si sehemu ya jina, usijaribu kuzifuta. Zina faida moja: nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, kama `'Sendofu '`, inaonekana. Kumbuka pia Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Na jina likianza na kistari, amri inalidhania ni chaguo: andika `./-jina`.

Dalili: `Permission denied`, na kufuli baada ya sudo

Kuhamisha folda kunahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda mama ya pande zote mbili, inakotoka na inakokwenda. Ndiyo maana `ls -ld` ina `d`: unakagua folda, si mafaili yaliyomo. Wengi hawakagui, wanaweka `sudo` mbele na maisha yanaendelea, hadi kesho wanapokuta picha zao wenyewe zina kufuli na haziwezi kuhaririwa. Ulinakili kama root, kwa hiyo ni za root.

```
sudo chown -R studio: ~/Kazi/Harusi
```

Kwenye Fedora, Rocky na ukoo wa Red Hat kuna ya ziada. Umetengeneza kurasa nyumbani kwako, ukazihamisha kwa `sudo mv` hadi `/var/www/html`, ruhusa ziko sawa kila unapotazama, na Apache inajibu 403. SELinux, mlinzi wa usalama wa mifumo hiyo, hubandika lebo kwenye kila faili. `cp` hutengeneza faili jipya, hivyo linapata lebo ya huko lilikofika. `mv` ndani ya diski moja huhama na lebo ya zamani, na hiyo ya nyumbani Apache haina ruhusa nayo. Ione kwa `ls -Z`, irekebishe:

```
sudo restorecon -Rv /var/www/html
```

Kwenye mashine hizohizo, root akinakili folda anaulizwa `overwrite?` kwa kila faili, kwa sababu `cp` imeshapewa jina la mkato la `cp -i`. Andika `\cp` na utaipita.

Dalili: `No space left on device` na nafasi ipo

Angalia `df -i`. Kwenye ext4 idadi ya inodi (kila faili hutumia moja) hupangwa siku diski inapoumbizwa, na mafaili madogo madogo mamilioni yanaweza kuzimaliza gigabaiti zikiwa zimebaki. Pia ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, hivyo diski "iliyojaa" kwako haijajaa kwake. Na kama nakala imekuwa kubwa kuliko ya asili, mara nyingi kuna mafaili yenye majina mawili yanayoelekea data ileile: `cp -r` huyatenganisha kila moja na mzigo wake, `cp -a` haiyatenganishi.

Dalili: `Read-only file system` au `Input/output error`

Diski yenye NTFS iliyotoka kwenye Windows isiyozimwa kabisa mara nyingi hufunguka kwa kusomwa tu. Irudishe kwenye Windows, izime kwa kushikilia Shift unapobonyeza Shut down, kisha uje tena.

Lakini kama ni ext4 yako mwenyewe, na jana ilikuwa inaandika, tazama `sudo dmesg | tail -30`. Ukiona mistari ya `I/O error` yenye jina la diski hiyo, kama `sdb`, acha `cp`, acha `rsync`, acha kurudiarudia. Kila jaribio linaichosha zaidi diski inayokufa. Itoe diski hiyo kwenye mfumo kwa `umount` bila kuichomoa, kisha chukua nakala ya diski nzima kwenda diski nyingine yenye nafasi ya kutosha:

```
sudo ddrescue /dev/sdb /media/studio/KUBWA/sdb.img /media/studio/KUBWA/sdb.map
```

`ddrescue` huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, kisha inarudi kwa zile ngumu, na faili la `.map` linaiwezesha kuendelea ilipoishia hata umeme ukikatika. Iache ifanye kazi usiku kucha, na mafaili uyatafute ndani ya `sdb.img`, si kwenye diski yenyewe.